Petroli ya Zahoro, Gesi ya Elieshi

Gari lao la kwanza lilizimika katikati ya Mtaa wa Msimbazi, asubuhi ambayo Kariakoo ilifurika watu hata pa kutema mate hapakuwepo. Halikuwa na ubovu wowote. Liliishiwa mafuta tu, na Waridi alijua vizuri wa kulaumiwa ni nani.

"Baba Ummy, taa ya mafuta inawaka tangu juzi."

"Taa ile ina woga," akajibu Zahoro, mumewe, huku akizungusha ufunguo kama anayekoroga uji. "Inawaka mapema."

Zahoro alikuwa fundi cherehani, Waridi muuza madera. Yeye alishona, mkewe akauza, katika kiduka chao cha Mchafukoge ambacho wateja wawili wakiingia, wa tatu husubiri nje. Miaka nenda rudi walikuwa wakibeba mizigo kwenye bodaboda, robota limepakatwa kama mtoto mgonjwa, mpaka mwezi uliopita walipojaaliwa kigari chekundu. Waridi alikipenda kupita kiasi. Hata sasa, huku honi zikimpigia kelele kila upande, alikuwa akipangusa vumbi juu ya redio kwa ncha ya mtandio wake.

Tatizo lilikuwa elimu ya Zahoro kuhusu mafuta. Aliipata barazani Magomeni, kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na magari. Aliamini petroli inunuliwe alfajiri, kwa kuwa ikiwa ya baridi inajikunja, unapewa nyingi. Aliamini kituo kimoja mafuta yake ni mepesi, kingine mazito, na kwamba kuna kimoja huko mbele kabisa ambako bei imepungua shilingi chache. Basi angepita vituo vitatu akikitafuta hicho cha nne, na akifika amekwisha kuchoma zaidi ya alichookoa. Safari hii alikuwa anasubiri Jumatano, bei mpya zitangazwe. Gari halikuweza kusubiri.

Wachukuzi wakajitokeza na kuanza kulisukuma huku wakiimba. Waridi, aliyepaswa kuona aibu, akajikuta anacheka na kuwapungia watu mkono dirishani kama bibi harusi. Wamefika kituo cha mafuta, nani anawasubiri pale mlangoni, mikono kiunoni? Elieshi.

Elieshi alikuwa shoga yake Waridi, Mmachame wa Uchagani, muuza vyombo kwa jumla, duka lake ubavuni mwa duka lao. Naye alikuwa na gari dogo la aina ileile, jeupe, ila la kwake lilikuwa na mwaka mzima linatumia gesi.

"Shemeji, funga gesi," akasema. "Utapata shida hii mpaka lini?"

"Gesi ni ya kupikia," akasema Zahoro. "Mimi siwezi kukalia jiko."

Wachukuzi wakaangua kicheko. Elieshi hakucheka. Watu wa kwao ukigusa hesabu, umegusa heshima.

"Haya. Asubuhi hii mtungi wangu ulikuwa mtupu, nimetia gesi ya elfu tano. Wewe tanki lako tupu, tumeona wote. Tia petroli ya elfu tano. Tuzunguke: hapa mpaka feri Magogoni, tukate Jangwani mpaka Magomeni, turudi. Atakayezima kwanza ameshindwa. Nikishindwa mimi, napika machalari, ndizi na nyama za kwetu, kwa maduka yote ya upande wetu."

"Na mimi nikishindwa," akasema Zahoro, kifua mbele, "nafunga gesi."

Waridi akawekwa ndani ya gari la Elieshi kama shahidi, maana magari ya gesi huwa na swichi ya kurudi kwenye petroli, na Zahoro alitaka mtu wa kuilinda. Akaketi na kidole kimoja juu ya swichi, moyo unamdunda kama ngoma ya vanga. Hajui amshangilie nani.

Zahoro naye akatia petroli yake, akajiandaa. Akashusha tairi la akiba, jeki, zulia la miguuni na mwavuli. Akatafakari kidogo, akavua viatu.

"Viatu vina uzito?" akauliza Elieshi.

"Hujui lolote, shemeji."

Wakaondoka. Mpaka Kivukoni walikwenda sambamba, na kila taa nyekundu ilikuwa baraza. Zahoro alizima kiyoyozi akawa anatiririka jasho. Elieshi aliwasha cha kwake mpaka mwisho na kumpungia. Walipogeuza pale feri, mama mmoja muuza samaki aliuliza kuna nini, alipoambiwa akamwombea dua Zahoro kwa sauti. Kwenye mteremko wa Jangwani Zahoro aliachia gia, gari likaserereka kama mtoto kwenye ubao wa kuteleza, akawapita huku akipiga honi.

"Twende, Baba Ummy!" Waridi akapiga kelele, nusu ya mwili nje ya dirisha.

"Wewe uko upande gani?" Elieshi akamvuta kwa mtandio.

"Upande wa ndoa!"

"Basi shuka kwenye gari langu!"

Wakacheka mpaka Elieshi akasahau kubadili gia. Walifika Magomeni, wakageuza, wakarudi mjini, wakaanza mzunguko wa pili. Ilikuwa wakirudi tena kutoka Magomeni, wanapandisha kilima cha Jangwani kuelekea Fire, kwenye kituo cha zimamoto, ndipo gari jekundu lilipokohoa. Likakohoa tena. Likajisogeza pembeni kwa adabu, likanyamaza.

Walipomfikia, Zahoro alikuwa amekaa juu ya boneti, miguu mitupu, shati limemganda mgongoni. Waridi aliogopa atakuwa amekasirika.

"Nyinyi mmebakiza nini?" akauliza.

Waridi akachungulia vile vitaa vinne vya kijani vinavyoonyesha kiasi cha gesi. Kwa ile gesi ya elfu tano vilikuwa vimewaka viwili. Sasa kimebaki kimoja.

"Nusu," akasema kwa sauti ndogo.

Zahoro akaangalia angani, akaangalia vidole vyake vya miguu, kisha akaanza kucheka. Alicheka akashuka chini, akashika ubavu, na Waridi akacheka kwa kumwona anacheka, na Elieshi akacheka kwa furaha ya kuwa sahihi, ambayo ni tamu kuliko zote.

"Mwanaume kauli," akasema Zahoro. "Nimekubali. Lakini nisukumeni kwanza."

Wiki iliyofuata kigari chekundu kikafungwa gesi. Mtungi ukameza buti karibu lote, na madera ambayo Waridi alizoea kuyaficha humo sasa yakalazimika kukaa kiti cha nyuma, rangi zake zote zikionekana kupitia vioo. Zahoro akanung'unika kuhusu buti. Hakujua neema yake inakuja.

Ilikuja siku waliyokwenda kujaza gesi kwa mara ya kwanza. Foleni ilianzia kituoni, ikapinda kona, ikapita misikiti miwili: teksi, bajaji, magari ya watu wa ofisini. Waridi alikuwa amemwahidi mteja mmoja wa Mchafukoge kumpelekea mzigo kabla ya adhuhuri. Moyo ukamshuka.

Zahoro, kwa upande wake, aling'aa kama amepata mtoto wa kiume.

"Kwa petroli," akasema, akijiegemeza, "saa hizi nimeshafika, nimekula, nimelala, nimeamka."

"Nyamaza, Baba Ummy."

"Nasema tu. Rahisi ina gharama yake."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Alikuwa anafikiria kuondoka kwenye foleni pale mtu alipogonga kioo. Alikuwa dereva wa bajaji iliyokuwa nyuma yao, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Ismail.

"Shikamoo, mama. Samahani. Hilo la zambarau ni dera?"

"Marahaba. Dera, na mtandio wake."

"Nimeondoka nyumbani mke kanuna." Akajikuna kichwa. "Litamfaa? Ni mrefu mrefu hivi, kanizidi."

Waridi akatazama dera, akamtazama mumewe. Zahoro alikuwa mrefu. "Baba Ummy," akasema kwa upole wa hatari, "shuka ulivae."

"Mimi?"

"Wewe ndiye fundi. Onyesha kazi yako."

Mungu amsaidie, alilivaa. Alitoka nje katika dera la zambarau juu ya suruali, akageuka kulia, akageuka kushoto, akaanza kumweleza Ismail ushonaji wa bega kwa umakini wa mhadhiri. Foleni nzima ikapiga mluzi. Dereva wa teksi akataka la kijani kwa ajili ya mama yake. Mwingine akataka mawili, wake zake wasije wakagombana. Zahoro akaning'iniza futi shingoni, akawa anauliza, "Kifua chake vipi? Kama mimi au kama yule pale?" Foleni ikisogea, wanunuzi wanasaidia kusukuma gari, chenji inatolewa wakitembea, Waridi anapaza sauti mpaka inakauka, mtandio umeteleza, jasho linamtoka, na hakukumbuka lini alifurahi hivi tangu siku ya ndoa yake.

Walipofika kwenye pampu, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Hata mzigo wa Mchafukoge ulikuwa umekwenda; mwenyewe alipigiwa simu akakubali kusubiri mwingine. Dada mhudumu wa gesi, jina lake Blandina, aliwatazama kwa masikitiko.

"Yameisha yote?"

"Yameisha, mwanangu."

"Na hilo alilovaa baba?"

Zahoro alikuwa amesahau kabisa kwamba bado amelivaa. Akalivua, akalikung'uta, akalikunja vizuri na kumkabidhi kwa mikono miwili, na Blandina akalijaribu palepale juu ya sare yake ya kazi huku mtungi ukijaa.

Waridi ndiye aliyeshika usukani. Vitaa vyote vinne vilikuwa vya kijani.

"Turudi dukani?" akauliza Zahoro.

"Dukani kuna nini? Mzigo wote wa leo umekwisha."

"Basi nyumbani."

Waridi akashusha vioo vyote, akakata kushoto kuelekea Magogoni. Hawakuwa na ndugu Kigamboni, wala mteja, wala shughuli yoyote. Walivuka na kivuko, wakashuka ng'ambo, wakaendesha tu, barabara mbele yao, Zahoro anaimba taarabu kwa sauti isiyo na haya, na mkewe anamjibu kiitikio.