Programu ya Kwenda Mulot

Kompyuta ya Mzee Ombati ilikataa tena. Ilitoa mstari mmoja mwekundu, kwamba kuna kifurushi cha programu haikukiona, ikanyamaza. Chemutai aliitazama kwa aibu. Nyumbani kwao Boito, kwenye laptop yake, programu hiyo hiyo ilifunguka bila kusita.

"Kwangu inafanya kazi," alisema, mara ya tatu wiki hiyo.

"Lakini mimi niko Mulot," Mzee akajibu kwa upole.

Kwa miaka thelathini Mzee Ombati alikuwa akipandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali alizobeba kwenye mtungi wa baridi. Hata ng'ombe aliyemsomesha Chemutai alitokana na mkono wake. Sasa macho yalikuwa yameingia ukungu. Mwezi uliopita alisoma tarehe ya kuzaa kwenye daftari kuwa ishirini na nane badala ya ishirini na tatu. Ng'ombe wa Janefer, mmoja wa wafugaji wake, akazaa peke yake mvuani, ndama akafa. Kikundi cha wafugaji kikampa hadi Ijumaa: asome tarehe zake mwenyewe, la sivyo mkoba wa kazi apewe mwingine.

Ndipo Chemutai akaandika programu ya kuhesabu siku za mimba za ng'ombe, yenye herufi kubwa kama za bango la duka. Kuiandika kulikuwa kazi. Kuifikisha, kazi na nusu. Ilitegemea vifurushi, vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na kila kifurushi kilikuja kikidai mwenzake, kama wageni wa harusi. Kwa Mzee hakukuwa na intaneti ya kuvishusha.

Simu ya Mzee ikalia. Ng'ombe wa jirani, Mama Gesare, alikuwa akitafuta dume. Chemutai akamsindikiza Mzee, akambebea mkoba. Walipofika, Mzee akatoa glavu, sabuni, taulo, hata thamosi ya maji moto, na jiko la Mama Gesare lilikuwa likifuka moshi hatua kumi tu kutoka hapo.

Chemutai akamuuliza kwa nini asiombe maji.

"Boma ya mtu usitegemee," Mzee alisema. "Unakuja na vitu yako yote. Ukipata maji, shukuru."

Chemutai alicheka, kisha akaacha kucheka.

Kesho yake alikwenda Bomet kwa fundi mwenye kompyuta kuukuu kama ya Mzee. Akafunga kila kitu ndani ya faili moja: programu, vifurushi vyake vyote, hata Python yenyewe, lugha ya kompyuta aliyoiandika nayo. Faili likavimba mara arobaini. Na livimbe.

Ijumaa asubuhi alilileta kwa Mzee ndani ya flashi, akalifungua. Skrini ilikawia, ikakawia mno, kisha herufi zikajaa. Alimpenda mzee huyu, basi, machozi yalimlengalenga. Akafungua mdomo amsomee.

"Wacha," Mzee akasema. "Nisome mimi."

Akavuta kiti. Kidole kikafuata herufi polepole, jina la mfugaji na siku ng'ombe wake atakapozaa: Phelis. Jumapili. Akampigia Phelis simu, akamwambia ng'ombe asitoke zizini siku hiyo. Nje, wanakikundi waliokuja kumsikia akisoma walikuwa wameanza kuvua viatu vyao vya gambuti mlangoni. Kidole cha Mzee kikashuka kwenye mstari wa pili.