Mhunzi Ambaye Hakuagwa

Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Cornelia alikuwa anachambua maharage uani kwake Izia, mjini Sumbawanga, na mumewe Eustaki alikuwa anagongea msumari wa mwisho kwenye mlango wa banda la kuku. Msumari ulipozama, Eustaki aliweka nyundo chini, akaenda barazani, akajilaza kwenye mkeka, akafa.

Cornelia alimwita mara mbili. Jirani yao Gaudiosa, ambaye alikuwa ameosha maiti wengi wa mtaa ule, alikuja akamgusa shingoni na kwenye nyayo, akasema, "Amekwenda." Wakamfunga kidevu kwa kitambaa na kutuma mtu kwa katekista. Kabla katekista hajavaa viatu, Eustaki alifumbua macho, akafungua kitambaa mwenyewe, akaomba maji. Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Katekista alipofika alikuta watu wanakunywa chai, naye akapewa kikombe.

Jumamosi iliyofuata alikufa tena, saa ileile. Safari hii Cornelia hakuita mtu. Alikaa pembeni yake akimfukuzia nzi, na alipotazama saa ya ukutani akakumbuka kwamba muda huohuo, kule Mazwi, Stanley naye alikuwa anakufa jukwaani.

Igizo lenyewe liliitwa "Tanuru la Mwisho." Lilikuwa limeigizwa katika ukumbi mmoja wa zamani pale Mazwi kila Jumamosi jioni kwa miaka ishirini na minne, isipokuwa Jumamosi Kuu. Lilikuwa igizo la nyimbo tupu. Mhunzi anawafulia watu majembe, mtemi anamwonea wivu na kumtilia sumu kwenye kibuyu cha pombe, mhunzi anakunywa na kuanguka mbele ya tanuru. Wanawake wa kijiji wanakaa chini wanamwimbia, na baada ya dakika kumi na moja mhunzi anaamka.

Katika miaka hiyo waigizaji walibadilika. Mke wa mhunzi alikuwa amechezwa na wanawake watano. Mtemi wa kwanza alihamia Mpanda, wa pili alipata kiharusi. Kila aliyeondoka aliagwa: alisimamishwa jukwaani, akaimbiwa, akafunikwa blanketi jipya, na aliyeshika nafasi yake alipokea vazi kutoka mikononi mwake mbele ya watu. Eustaki peke yake hakuwahi kubadilishwa. Alicheza mhunzi tangu alipokuwa na miaka thelathini na minne mpaka Februari ya mwaka huu, alipopata ujumbe kwenye simu: "Kikundi kinahitaji sura mpya. Usije Jumamosi." Kesho yake Stanley, kijana aliyepewa nafasi yake, alifika na bodaboda kuchukua vazi la ngozi. Alilipokea kwa Cornelia, kwa sababu Eustaki alikuwa shambani.

Mjini watu walibishana. Wapo waliosema Stanley anapiga nyundo kama mtu anayeua nzi. Wapo waliosema heri yeye, maana Eustaki alikuwa ameanza kukohoa kwenye beti ndefu. Ukumbi ulijaa kuliko mwaka uliotangulia, na hilo hata Cornelia alilijua.

Gaudiosa ndiye aliyelitamka jambo lenyewe, siku ya kifo cha tatu, wakiwa wamekaa wawili pembeni ya mkeka.

"Wenzake wote waliagwa," alisema. "Huyu hakuagwa. Ataachaje kufa, na hakuna aliyemwambia kazi imekwisha?"

Jumatatu Cornelia alivaa kitenge chake cha kanisani, akaenda kwa mwenyekiti wa kikundi. Mwenyekiti aliitwa Anyitike, mtu wa Mbeya aliyehamia Sumbawanga kikazi miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mpole, hakunywa pombe, na alilipenda igizo lile kuliko wenyeji wengi. Alimpa Cornelia kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Anakufa kwa muda gani, mama?"

"Dakika kumi na moja."

"Kumi na moja kamili?"

"Kamili."

Anyitike aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Maana yake vijana hawapotezi muda jukwaani. Anaumia?"

"Hasemi. Mwenyekiti, mimi nimekuja kuomba kitu kidogo. Mumuage. Mumsimamishe pale mbele, mumwimbie kama wenzake, amkabidhi kijana lile vazi. Basi."

"Ni jambo jema," alisema Anyitike. "Tatizo ni ratiba. Mwezi ujao tuna wageni kutoka Dodoma, wanachagua vikundi vya kwenda kwenye tamasha. Nikimsimamisha mzee pale mbele sasa hivi, watu wataanza kumlinganisha na Stanley. Wageni wakishaondoka tutaliangalia."

Cornelia alirudi nyumbani na jibu hilo. Eustaki alilisikiliza huku akinoa jembe, akauliza kama Anyitike amebadilisha taa za ukumbi kama alivyokuwa amesema.

Alhamisi moja katikati ya Aprili bodaboda ilisimama mbele ya nyumba yao. Stanley alishuka, akavua kofia ngumu, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," walijibu wote wawili.

Stanley hakutaka kukaa. "Nimekuja niwaambie mwenyewe, msisikie njiani. Mwenyekiti amekata ule wimbo wa kuamsha. Anasema umezoeleka. Jumamosi, mbele ya wageni, nakufa halafu siamki."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya bodaboda. Cornelia alimtazama mumewe, na mumewe alikuwa anaitazama kofia ya Stanley.

"Kataa," Cornelia alimwambia Stanley.

"Nilikataa, mama. Akaniambia Tito ameshika mistari yote. Tito mpiga ngoma. Nikiacha mimi atakufa Tito, na yeye wala hatakuja kuwaambia."

Eustaki alimshukuru kwa kuja, akamwambia aangalie utelezi pale kwenye daraja. Kijana alipoondoka, Cornelia alingoja mumewe aseme neno. Neno lilipokuja halikuwa lile alilolingojea.

"Ni mwisho mzuri," alisema Eustaki. "Watu wa siku hizi wanajua mhunzi ataamka. Wanatazama simu zao mpaka aamke. Akifa moja kwa moja, watatoka wakiwa kimya. Mimi mwenyewe niliwahi kuuwaza, nikakosa ujasiri wa kuusema."

"Mimi nimekuuliza habari za igizo?"

"Ndilo ninalolijua, Mama Flavian."

"Basi twende Jumamosi. Usimame mbele yao, wakuone. Wataona haya, watakuaga."

Eustaki alitikisa kichwa. "Mtu haombi kuagwa," alisema. Alinyanyuka akaenda kuwafungia kuku, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Ijumaa alimpeleka Cornelia shambani, akamwonyesha jiwe la mpaka ambalo jirani yao alikuwa na tabia ya kulisogeza. Alimwonyesha mahali alipoficha mbegu za ulezi, panya wasizione. Akampigia Flavian, mtoto wao aliyekuwa Tunduma, wakazungumza habari za bei ya mbolea. Cornelia alimfuata kila mahali. Hasira ilikuwa imemjaa kifuani kama unga mkavu, na hakujua amkasirikie nani kwanza.

Jumamosi saa tisa alimwacha Gaudiosa barazani na simu mkononi, akapanda bodaboda kwenda Mazwi. Mlangoni mwa ukumbi aliwakuta wanawake wa kikundi wanafunga vilemba. Alikuwa anawajua wote. Wawili kati yao alikuwa amewapokea walipojifungua.

"Mwimbieni tu," aliwaambia. "Akishaanguka, mwimbieni."

Walitazama chini. Angela, aliyekuwa mkubwa wao, alisema polepole, "Tumekatazwa, dada."

Cornelia aliingia, akakaa benchi la tatu kutoka nyuma. Wageni watatu walikuwa mbele wamewekewa viti vyenye vitambaa. Saa kumi kamili ngoma ililia, igizo likaanza, na Cornelia akaona kwamba ni kweli Stanley anacheza vizuri. Alipofua chuma mabega yake yaling'aa. Mama mmoja aliyekaa mbele ya Cornelia alimnong'oneza mwenzake kwamba ameliangalia igizo hili mara arobaini na leo ni kama mara ya kwanza.

Saa kumi na moja na robo simu ilitetemeka. Gaudiosa alisema, "Ameoga, amevaa shati jeupe. Amejilaza mwenyewe."

Jukwaani Stanley alipewa kibuyu. Alikishika muda mrefu kuliko kawaida. Macho yake yalipita juu ya vichwa vya watu mpaka benchi la tatu kutoka nyuma, yakakaa hapo. Nyuma ya pazia Tito alipiga ngoma mara moja, kumkumbusha. Stanley akanywa, akaanguka.

"Amekwenda," alisema Gaudiosa kwenye simu.

Taa zilizimwa zikabaki zile nyekundu za tanuru. Katika mwisho huu mpya mtu mmoja tu alipuliza filimbi, polepole, na wengine wote walikaa kimya. Dakika mbili. Dakika nne. Ilikuwa kama Eustaki alivyosema: hakuna aliyetazama simu yake, isipokuwa Cornelia. Mtu mmoja alianza kulia mbele kule. Cornelia aliendelea kutazama pazia, akitumaini kwamba Angela atashindwa kuvumilia. Pazia halikutikisika. Dakika ya saba. Filimbi ikanyamaza, na makofi ya kwanza yakaanza.

Cornelia hakuwahi kuimba mbele ya watu, hata kwaya ya jumuiya alikuwa ameikataa. Wimbo ule aliujua kwa kuusikia akiwa jikoni, kwa miaka ishirini na minne ya mume aliyefanya mazoezi huku ugali unapikwa. Alisimama. Alianza chini mno, ikabidi aanze upya.

*Amka, chuma bado chekundu,*
*amka, jembe halina mpini.*

Watu waligeuka. Anyitike, aliyekuwa amesimama ukutani, alimpungia mkono akae. Cornelia aliimba ubeti wa pili akimtazama yeye. Sauti yake ilikuwa nene na imepinda, na kwenye neno "mpini" ilikatika kabisa. Yule mama aliyeliangalia igizo mara arobaini alilichukua neno hapo lilipoangukia. Kisha benchi lake lote. Kisha, nyuma ya pazia, Angela na wenzake, na ukumbi ukaanza kutetema.

Dakika ya kumi Stanley alikuwa bado amelala chini. Alikuwa amefumbua macho, anamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti hakumtazama, alikuwa anawatazama wageni, na wageni walikuwa wamesimama. Stanley akajiinua kwa kiwiko, kisha kwa magoti, kisha akasimama wima.

Cornelia aliweka simu sikioni. Alisikia mtu anakohoa.

"Amekaa," alisema Gaudiosa. "Anauliza kama ukumbi ulijaa."

Jumapili baada ya Misa ya pili Anyitike alifika Izia akiwa na furaha. Wageni walikuwa wamelichagua igizo. Walisema hawajawahi kuona kitu kipya namna ile: mwanamke kutoka katikati ya watazamaji, mtu wa kawaida kabisa, na ile sauti inayokatika. Alikuja kumwomba Cornelia afanye hivyohivyo kila Jumamosi.

Eustaki alimkaribisha kiti, akaenda kuchuma mahindi mabichi ya kumchomea mgeni. Cornelia alingoja mumewe afike mbali.

"Nitaimba," alisema. "Ila kwanza mumuage mume wangu. Wageni wameshaondoka."

Anyitike alifikiri kwa dhati. Alikunja mikono, akaikunjua.

"Nimelala nikiliwaza hilo, mama. Tukimuaga, si ataacha kufa?"

"Ndiyo."

"Akiacha kufa, wewe utaimbaje vile?"

Cornelia aliinuka akawasha jiko. Eustaki alirudi na mahindi, wakayachoma, wakala wote watatu wakizungumza juu ya mvua zilizochelewa kukatika.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Kila Jumamosi saa tisa Cornelia anakwenda Mazwi na kukaa benchi la tatu kutoka nyuma. Nyumbani Eustaki anaoga, anavaa shati safi, anajilaza, na Gaudiosa anakaa naye akifuma kitambaa. Tangazo la ukumbini lina picha ya Stanley na jina la Anyitike. Watu wanatoka Laela na Namanyere kuja kuona, na sokoni mabishano yamekwisha: wote wanakubali kwamba igizo halijachakaa hata kidogo, tena afadhali walivyobadilisha.

Mwezi wa saba upepo wa baridi ulipoanza, Cornelia alishikwa na kikohozi. Jumamosi mbili aliimba kwa taabu, na ya pili Eustaki alichelewa kuamka kwa dakika nzima. Jumamosi ya tatu alimkuta msichana amekaa benchi lake, pembeni ya nafasi yake, ana daftari. Jina lake lilikuwa Sharon, ana sauti nzuri, na mwenyekiti alikuwa amemwambia aje ajifunze, ili pasiharibike kitu mama akiugua. Igizo zima midomo yake ilikuwa inafuatisha maneno.

Watu walipokuwa wanatoka, msichana alimsalimia Cornelia kwa heshima, akamwomba amwonyeshe anavyoshika khanga anaposimama. Cornelia alimwonyesha. Alimwonyesha pia pa kuvuta pumzi, na namna ya kutotazama jukwaani kabla ya dakika ya saba. Alifanya hivyo kwa makini, akirudia, kwa sababu ilibidi mtu mwingine auweze wimbo ule.

"Na unapoanza kuimba, mama," aliuliza Sharon, "huwa unamfikiria nani?"

Cornelia alimtajia. Msichana aliliandika jina kwenye daftari lake, akalipigia mstari chini, kisha akauliza huyo Eustaki ni nani.