Inama Uende

Katika bunge lile la jimbo kulikuwa na heshima moja ambayo hakuna aliyewahi kuikataa. Mtu akipendekezwa na gavana kuwa kamishna, yaani waziri wa jimbo, huletwa mbele ya wabunge asailiwe kwa kiapo. Lakini kama aliwahi kukaa kwenye viti vile, au ni mtu wa nyumbani kwa aliyekaa, mbunge mmoja husimama na kusema, "Huyu ni mwenzetu, ainame aende." Mteuliwa huinama, wabunge hupiga meza, na kazi anaipata bila kuulizwa hata jina la babu yake. Wenyewe waliiita adabu. Jina lake halisi ni funika kombe mwanaharamu apite.

Mhandisi Kpadoo Iorhemba alikuwa amekaa kwenye benchi la wateuliwa tangu saa tatu asubuhi, amejifunga kitambaa cha milia myeusi na myeupe kama ada ya watu wake, Wativ, magoti yake yakimuuma. Barua ya gavana haikutaja nani atapewa wizara gani, lakini hata muuza mishikaki ya suya wa getini alijua kwamba Kpadoo ni wa maji. Miaka ishirini na sita alikuwa mhandisi wa shirika la maji. Aliitaka kazi ile, hilo lisifichwe. Aliitaka hadi usingizi ulikuwa umemkimbia wiki nzima.

Terwase Gbaka, mshauri wa gavana, kijana wa manukato mengi na viatu vya kung'aa aliyemwita kila mama shangazi, alikuja akachutama mbele yake.

"Shangazi, tulia. Hutaulizwa kitu. Marehemu mumeo si alikuwa mbunge? Unainama, unaenda. Jumatatu unakuta faili la Tse-Anongo mezani. Sahihi moja tu, halafu wizara yako, utambe nayo."

"Umeshawahi kufika Tse-Anongo, Terwase?"

"Si nilikuwepo siku ya uzinduzi!"

"Ulikunywa maji?"

"Nilikunywa bia, shangazi." Akacheka peke yake, akaenda zake.

Mtambo wa maji wa Tse-Anongo ulikuwa umezinduliwa kwa ngoma na utepe mwekundu, na kwa miaka mitatu haukutoa hata tone. Kpadoo aliwahi kuingia ndani mwenyewe. Mahali pa pampu palikuwa na msingi wa zege na mbuzi wawili wamelala. Mkandarasi, rafiki mkubwa wa gavana, alibakiza kitu kimoja tu: hati inayosema kazi imekamilika, yenye sahihi ya kamishna. Hati hiyo ikishatiwa sahihi, hakuna wa kumrudisha kazini tena. Ndiyo maana wakamtafuta mwanamke ambaye sahihi yake haijawahi kutiliwa shaka.

Kpadoo aliyajua hayo yote, naye alikuwa na lake moyoni. Kila swali la mbunge na jibu la mteuliwa pale kizimbani huandikwa katika kumbukumbu za bunge. Akiulizwa swali, atajibu mbele ya jimbo zima kwamba hatatia sahihi, na hakuna atakayeweza kumjia Jumatatu na kumwambia tulikubaliana. Akiinama akaondoka kimya, basi kimya chake ndiyo ahadi. Alichohitaji ni swali moja.

Jina lake likaitwa, akala kiapo. Hata kabla hajashusha mkono, mbunge wa Tse-Anongo mwenyewe, Mheshimiwa Ukaa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, akasimama.

"Mheshimiwa Spika, huyu mama ni mjane wa mwenzetu. Tutamuuliza nini mjane? Ainame aende!"

"Ainame aende!" wakaitikia wenzake, na meza zikapigwa.

"Mama, inama uende," akasema Spika, huku macho yake yameshahamia kwenye karatasi ya anayefuata.

Kpadoo hakuinama.

Mwanzoni hakuna aliyeona. Halafu meza zikanyamaza moja moja. Spika akainua kichwa.

"Mama, hukusikia? Tumekupa heshima."

"Nimesikia, Mheshimiwa Spika. Heshima ya mume wangu tulimzika nayo. Jina lililo kwenye barua ni langu. Naomba niulizwe."

Huko juu, kwenye roshani ya wageni, walikuwapo wanawake wa Tse-Anongo waliokuja wenyewe kwa lori la viazi vikuu. Mmoja akapiga kigelegele. Askari wa bunge akamkazia macho, naye akamkazia yeye.

"Hakuna mwenye swali," akasema Spika. "Waheshimiwa, kuna mwenye swali?"

Wabunge walitazama kucha zao. Kumuuliza mjane wa mwenzao kulikuwa utovu wa adabu, na kumuuliza huyu kulikuwa hatari.

"Basi inama, mama. Tuna watu wengine."

"Nitawasubiri wapate swali."

"Magoti yatakuuma!"

"Yameanza tangu asubuhi, Mheshimiwa."

Watu wakacheka, na Spika akapigapiga nyundo. Kpadoo aliogopa. Aliona kabisa wizara ikimponyoka, na bado hakuna swali. Hapo akamgeukia yule mnene.

"Mheshimiwa Ukaa, wewe ndiye mbunge wa Tse-Anongo. Leo asubuhi umeoga maji ya wapi?"

"Mteuliwa haulizi maswali!" akafoka Spika.

Lakini roshani ilikuwa imeshalipuka. "Anaoga huku mjini!" akapaza sauti bibi mmoja. "Kwetu hata uso hajanawa tangu uchaguzi! Mwulizeni jina la kijito tunachoteka, kama analijua!"

Ukaa alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, ila si kuchekwa na wapiga kura wake. Akasimama, shingo imemvimba.

"Wewe mama unajifanya nani? Ukipewa hiyo wizara utafanya nini ambacho wenzako walishindwa?"

Spika akapiga nyundo, lakini alikuwa amechelewa. Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa tayari ameinamia daftari lake.

"Asante kwa swali, Mheshimiwa," akasema Kpadoo. "Tse-Anongo hakuna pampu. Kuna zege na mbuzi wawili. Hati ya kukamilika kwa kazi ile sitaitia sahihi. Jumatatu sitaitia, na hata nikiletewa nyumbani kwangu sitaitia. Mkandarasi arudi akafunge pampu. Nimekula kiapo, yaandikwe hivyo."

Kura ikapigwa kwa sauti. "Ndiyo" zilikuwa chache lakini kali. "Siyo" zilikuwa nyingi, na nyingine zilitoka kwa watu wasiothubutu kufungua midomo vizuri. Spika akatangaza kwamba mteuliwa amekataliwa, wa kwanza tangu bunge lile liundwe.

Terwase akamkamata kwenye ukumbi wa nje. Manukato yalikuwa yamegeuka jasho.

"Umefanya nini, shangazi? Kazi ilikuwa mkononi! Unadhani umeokoa nini? Wizara anapewa Chifu Orban, ndiye anayefuata, tena yeye alikuwa mbunge. Atainama, atatia sahihi, basi."

Ilimuuma Kpadoo. Aliegemea ukuta, akaruhusu machozi yatoke bila kuyafuta, kwa sababu alikuwa na haki nayo.

Ndani, sauti ya Spika ikasikika ikimkaribisha Chifu Orban, mwenzetu, ainame aende.

"Asiinameee!" ikajibu roshani nzima. "Aulizwe! Aulizwe la Tse-Anongo!"

Terwase akafungua mlango, akachungulia. Chifu Orban, mzee wa kanzu ya thamani, alikuwa amekunja mgongo nusu, macho juu kwa wanawake, kisha kwa mwandishi na kalamu yake, kisha kwa Spika aliyekuwa akipiga nyundo isiyosikika. Akaunyoosha mgongo polepole.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "kabla sijaulizwa chochote, iandikwe kwamba hata mimi ile hati siitii sahihi."