Kipande Nilichokuwa Nikikitupa

Kwa miezi minane nilikata bukta za baiskeli za wanawake, na katika miezi hiyo minane sikumuuliza mwanamke hata mmoja anakaaje juu ya kiti. Naliweka hilo mwanzo kabisa, msije mkadhani kinyaa changu kinamhusu bosi peke yake.

Karakana yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari. Ngazi zinanuka tindikali. Ukifika juu unapokewa na harufu ya kitambaa kipya, kama ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika juani. Bosi anasema kitambaa hicho kimetengenezwa kwa chupa za maji zilizookotwa. Huenda. Mimi niliacha shule darasa la sita, siwezi kubishana na cheti kilichotundikwa ukutani. Ninachojua ni kwamba kila bukta iliyoshonwa hapa iende kuokoa dunia ilitiwa kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ukatiwa kwenye boksi, boksi likafungwa kwa utepe wa plastiki. Mabaki ya kitambaa yalimwagwa gunia kwa gunia kwenye mtaro wa nyuma, ambako maji yamesimama, yameota utando wa kijani na yanatoa povu. Ndiyo maana bosi tunamwita Bwana Kijani. Yeye anadhani tunamsifu.

Kila bukta ina lebo: "Imebuniwa na wanawake kwa ajili ya wanawake." Ukweli ni huu. Bwana Kijani alileta bukta yake kuukuu, ya kiume, akaibwaga mezani kwangu ikiwa bado na jasho lake. "Fundi, fumua hii utoe pateni. Kiuno punguza, nyonga ongeza, ubavuni tia mstari wa waridi." Nikafumua kwa ncha za vidole. Nikachora kwenye karatasi, nikashona moja, nikalivisha sanamu la nguo, ambalo halina kichwa wala halijawahi kupanda baiskeli. Lilisimama wima kama askari wa zamu, bukta ikakaa vizuri. Kwa miezi hiyo minane tukakata mia mbili.

Mwanamke pekee aliyezigusa alikuwa Mama Ovaloki, ambaye mashine yake ya ovaloki, ya kufunga kingo za kitambaa, iko karibu na dirisha. Siku ya kwanza tu aliuliza, "Huu mshono mnaupitisha hapa katikati kwa sababu gani?" Nikamwambia ashone, asiulize. Hilo nalo ni kosa langu.

Aliyezivaa kwanza alikuwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka tisa. Ni mwendesha baiskeli wa mashindano, na Jumapili ile kulikuwa na mbio za mchujo: sita wa kwanza wanaingia timu ya taifa. Alikuwa ameisubiri siku hiyo miaka minne. Lakini baiskeli anayoiendesha ni ya Bwana Kijani, na sharti lake ni moja tu. Asiyevaa nguo ya Bwana Kijani hapandi baiskeli ya Bwana Kijani.

Alhamisi asubuhi aliingia karakana akitembea ametanua miguu, kama mtu aliyebeba ndoo mbili zisizoonekana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Nitasimama."

"Kaa bwana, umetoka mazoezini."

"Mjomba, nimesema nitasimama."

Mama Ovaloki alizima mashine. Alimtazama binti kutoka juu hadi chini, akamshika mkono, akaingia naye nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Nikasikia minong'ono, kisha nikasikia Mama Ovaloki akivuta pumzi kwa meno. Alitoka na ile bukta ameigeuza nje ndani, akaitandaza mezani kando ya mkasi wangu.

"Haya, tazama kazi yako."

Nimeshona nguo miaka ishirini na saba. Nimefumua suruali za walevi, nimerekebisha koti lililovuliwa maiti. Sijawahi kuona kitu kama kile. Katikati ya sponji ya kukalia iliyoshonwa ndani, juu kabisa ya mshono wangu, kulikuwa na mstari wa damu na usaha, umenyooka kama nimeupiga kwa rula. Kila palipopita sindano pana doa lake. Kingo zilikuwa zimekauka njano, na kitambaa kilitoa harufu ya jasho lililochacha, kwa sababu zile chupa za bosi hazipitishi hewa. Mate yalinijaa mdomoni. Nilikwenda dirishani kutema, nikakutana na harufu ya mtaro, nikarudi.

"Ana kidonda urefu wa kidole changu hiki," Mama Ovaloki alisema. "Na majipu mawili, kila upande moja. Na wewe unamwambia akae."

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza kuelekea kwenye pazia.

"Nikwambie nini, mjomba? Ningeanzia wapi?"

Kuna sehemu za mwili ambazo mpwa hazitaji mbele ya mjomba wake, na mjomba huyo huyo ndiye mkataji.

Hapo akaingia Bwana Kijani, akijipangusa vidole kwa karatasi zake za unyevu zenye marashi. Anamaliza pakiti nzima kwa siku na kuzirusha dirishani. Aliinua bukta kwa vidole viwili, kama mtu anayemtoa panya kwenye mtego.

"Ni suala la kuzoea," alisema. "Hata mimi mwanzoni niliumia."

"Wewe uliumia wapi?" Mama Ovaloki aliuliza kwa upole.

Bwana Kijani alijifanya hakusikia. "Ifueni, muianike. Jumapili mpiga picha anakuja mbioni. Na marobota mapya ya kitambaa nimeyafungia stoo, nisikie mtu ameyagusa." Akajipangusa tena, akaitupa karatasi mtaroni, akashuka ngazi.

"Mwanangu," Mama Ovaloki aliliambia pazia, "lebo inasema mmebuni nyinyi wanawake. Kwa hiyo hicho kidonda umejibunia mwenyewe."

Nyuma ya pazia binti alicheka, kisha akaguna. "Mama, usinichekeshe. Nikicheka kinachanika."

Nikamuuliza, "Jumapili unapanda?"

"Nitapanda hata kama nitashuka na mifupa tu."

"Basi ilete baiskeli huku juu."

Tuliibana baiskeli kati ya meza ya kukatia na ukuta, tukafunga mto juu ya kiti, tukatundika shuka kuizunguka. Binti akapanda. Mama Ovaloki akaingia na futi na chaki. Mimi nikageukia ukuta na kalamu yangu, mgongo kwao, kama mtoto aliyeadhibiwa. Tangu nijifunze kazi hii, kila mteja nimemwambia maneno mawili: simama wima. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo mafundi wote tunavyopima. Siku hiyo nikasema, "Inama, mikono ifike kwenye usukani."

"Akiinama tu, mgongoni kunashuka vidole vinne," Mama Ovaloki alisema. "Makalio yanabaki na upepo."

"Mbele je?"

"Mbele kunajikunja, kunamkaba tumbo kama mkanda wa mgambo."

"Na mshono?"

"Mshono uko pale pale anapolalia kiti. Hata punda usingemfunga hivyo."

"Mjomba," binti alisema, sauti imebanwa kwa kuinama, "chini hapa nataka kitu kimoja kizima. Kisiwe na mshono hata kidogo."

"Chembamba mbele," Mama Ovaloki aliongeza, "kipanuke, halafu kiwe chembamba tena nyuma. Kama jani. Mishono yako ihamie mapajani, kwa nje."

Nikachora jani ukutani. Lakini stoo ilikuwa imefungwa. Kilichobaki ni gunia moja la mabaki, lilikuwa mlangoni likisubiri kupelekwa mtaroni. Nililimwaga sakafuni tupate chochote cha kuungia.

Nikaona majani. Unapolaza vipande viwili vya bukta juu ya kitambaa, mikato yao ya mviringo ikitazamana, kati yao kinabaki kipande kimoja. Chembamba, kinapanuka, chembamba tena. Nilikichukua kimoja nikakiweka juu ya mchoro wa ukutani, kikazidi kidogo tu, upana wa mshono. Miezi minane dawa ilikuwa inaanguka kutoka kwenye mkasi wangu, nami naizoa kwa ufagio.

Mama Ovaloki alishona mishono bapa, nami nikapunguza kingo za sponji mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kiuno tulikipandisha nyuma, tukakishusha mbele. Mapajani tuliweka vipande vyenye matundu madogo, mabaki ya kwapa za fulana za oda nyingine, joto litoke. Kwa sura ilikuwa imeungwaungwa, na ule mstari wa waridi ulikatika mara tatu. Lebo tukaibandika ile ile, na kwa mara ya kwanza haikuwa na uongo mwingi. Binti alikwenda zahanati akapewa dawa ya kupaka, akalala kifudifudi Ijumaa na Jumamosi.

Jumapili nilimsubiri mwisho wa mbio. Aliingia wa sita. Alishuka, akaegemeza baiskeli, akatembea hadi ukingo wa barabara na kukaa kwenye saruji, kitako chote, akanitazama.

"Umeona, mjomba? Nimekaa."

Bwana Kijani alikwishafika na mpiga picha wake, akimwekea mkono begani. "Nilisema atazoea," alikuwa akimwambia mtu wa redio.

Jumatatu asubuhi, akiwa ameshaikagua bukta ya binti, alinieleza mpango wake. Hiyo ya jani ni nzuri, tutaiita toleo jipya. "Ila kwanza zile mia mbili ziishe. Magari ya kuzichukua yanakuja saa sita." Alisema hivyo huku akijipangusa kidole kimoja kimoja, na marashi yake yakachanganyika na harufu ya ngazi.

Nilifikiria mia mbili wanaoona aibu kusema, kila mmoja na mjomba wake anayemwambia akae. Alipoondoka nilifungua maboksi. Nilizipanga kumi kumi, nikawasha kisu cha umeme, nikaweka kipande kimoja cha jani juu kama kipimo, nikazungusha. Mama Ovaloki alikuwa ananisogezea. Kufika saa tano kila bukta ilikuwa na tundu la jani pale mshono ulipokuwa.

Bwana Kijani alirudi, akainua moja, akanitazama kupitia lile tundu.

"Fundi, umeharibu mzigo."

"Haujaharibika. Unakosa kipande kimoja. Kitie, uuze."

"Na hivyo vipande viko wapi?"

Nikamwonyesha dirisha. Alikwenda akachungulia mtaro, akaziba pua. Chini kule, katikati ya utando na povu na karatasi zake za marashi, majani yetu yalikuwa yanaelea, mamia, wala hayajaoza. Kitambaa cha chupa hakiozi, mwenyewe hulisema hilo kila siku. Yangehitaji kuchemshwa mara tatu, labda nne.

Nilivua viatu na kukunja suruali, maana nusu ya uchafu ule ni wangu. Mama Ovaloki akaleta magunia mawili matupu. Moja akanipa mimi, la pili akaliweka begani kwa Bwana Kijani.