Taa Mchana Kweupe

"Washa tena," Lameki alisema, na Rugaibula, aliyekuwa ameketi ndani ya lori lake, akawasha.

Taa zikatoa wekundu hafifu, kama sigara inayozimika. Balbu zilikuwa mpya, Lameki alizitia mwenyewe asubuhi hiyo. Jasho likaanza kumtoka, ingawa upepo wa ziwa ulikuwa ukiingia kwenye gereji yake ya Miembeni. Wiki iliyopita, sokoni, mbele ya wauza ndizi na wapagazi wa kahawa, alikuwa ametamka kwa sauti ya fundi asiyekosea: "Dereva ameuza balbu nzuri, akaweka mbovu." Dereva huyo wa lori la Rugaibula, Hamidi, alifukuzwa kazi palepale. Watu walimzomea mpaka akavua kofia yake, akaondoka nayo mkononi.

"Bwana Shauri wa wilaya hataki kuona lori lenye taa za namna hii kwenye barabara ya Muleba," Rugaibula alisema. "Kuna nini tena, waitu?"

"Niache niangalie."

Lameki alichukua kipande cha waya, akagusisha ncha moja kwenye bati la taa na nyingine kwenye chesisi, mahali alipopakwangua kwa kisu. Taa zote mbili zikawaka nyeupe, zikamchoma macho. Kumbe umeme ulikuwa unafika vizuri, ila ulikosa njia ya kurudi. Balbu hazikuwa na kosa, hata zile za zamani.

Akaingia uvunguni, akaufuata waya wa ethi, ule wa kuurudisha umeme kwenye chesisi, mpaka kwenye bolti yake. Kati ya waya na chuma palikuwa na kipande cha lubugo kilichokunjwa, kimelowa, na bolti imeliwa na kutu.

Alikijua. Nani mwingine Bukoba nzima angeweka nguo ya gome la mti mahali pa kupitisha umeme? Alikiweka yeye mwaka jana, bolti isigonge kwenye mashimo ya Muleba. Bibi zake walifunga kila kitu kwa lubugo, mizigo na maiti, naye akaona afunge na umeme! Bolti yenyewe ndiyo iliyokuwa ikipitisha umeme, mpaka unyevu wa ile nguo ulipoiozesha. Tena kipande chenyewe Hamidi alikichana kwenye mto wa kiti chake, akampa huku akicheka.

Lameki aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alikaa uvunguni zaidi ya kazi ilivyohitaji.

"Umepata?" Rugaibula aliita.

"Ni waya tu, waitu."

"Fundi ni fundi! Yule mwizi angenimaliza."

Angeweza kukichoma kile kipande, na hakuna ambaye angejua. Alikitia mfukoni.

Alasiri alikwenda kwa Hamidi. Sada, mke wa Hamidi, alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, maana mgeni ni mgeni hata akiwa Lameki. Alizichukua punje, zikabaki kiganjani. Hakuona mdomo wa kuzitafunia. Akakitoa kile kipande, akakiweka mkekani.

"Cha mto wangu hicho," Hamidi alisema.

"Nilikiweka mimi kwenye ethi, ndicho kilichozima taa. Nimekudhulumu, ndugu yangu. Nisamehe."

Hamidi alikigeuza kwa kidole. "Jina langu ulilivunjia wapi?"

"Sokoni."

"Na unanisafishia chumbani?" Akakisukuma kile kipande kwa Lameki.

Kesho yake, jua la utosini, Lameki alimwomba Rugaibula waliegeshe lori katikati ya soko. Hakumwambia kwa nini. Hamidi alikuwa amesimama kando ya mikungu ya ndizi, kofia kichwani. Lameki akawasha taa.

Kokubanza, muuza ndizi mwenye sauti kubwa kuliko wote, akaangua kicheko. "We Lameki! Taa mchana huu, unamtafuta nani?"

Watu wakaanza kusogea. Rugaibula alikuwa akitabasamu, akidhani fundi wake anajisifu. Lameki alikitoa kile kipande cha lubugo, akakiinua juu wakione wote, akapaza sauti: "Hamidi hakuuza balbu yoyote. Kosa ni langu!" Nyuma yake taa ziliendelea kuwaka juani.