Jicho la Mtambo

Fundi Fakihi wa Chula, mjenzi wa mitepe, vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba, aliambiwa atie alama ya chokaa kwenye gurudumu la mtambo wa umeme wa Kismayu. Akachora jicho, kama lile linalochorwa kwenye omo, pua ya chombo.

"Nimekwambia alama, si pambo!" alifoka Athmani, msimamizi wa mtambo.

Gurudumu likazunguka. Chini ya taa iliyopepesa kwa mapigo ya umeme wenyewe, mara moja kila mzunguko, jicho likaonekana limetulia tuli. Mzigo wa umeme ulipoongezwa, likasogea mbele vidole viwili, kisha vinne.

"Likivuka sita, mtambo umezidiwa," Athmani akasema.

"Kwetu ni vivyo hivyo, bwana. Jicho likikaribia maji, hatupakii tena."

Athmani akampa brashi ya chokaa, akamwonyesha pa kidole cha sita kwenye ukingo wa mtambo.

"Haya, fundi. Nichoree maji."