Nyumba ya Nguzo Moja

Ijumaa alasiri, fundi cherehani mstaafu alimzungushia binti yake tepu mgongoni, akaandika kipimo ukutani kwa chaki. Miguu ya mzee ilikuwa imepooza mwaka wa pili sasa. Kitindamimba wake huyu ndiye aliyembeba mara nne kwa siku: kitini, msalani, kitini tena, kitandani. Mikono yake mzee haikupooza, wala udadisi wake.

"Mgongo umeongezeka vidole vitatu tangu Jumatatu," alisema. "Paja, viwili. Mkono unajikokota. Kigimbi ndiyo kabisa, kimegoma kama mkwe aliyenuna."

"Labda kinasubiri kubembelezwa, baba."

Kaka zake wawili nao walikuwa na chaki yao, karibu na mlango. Walikwenda jimu kunyanyua vyuma. Vifua vyao vilitangulia, mikono ikafuata, miguu ikabaki ya korongo. Mwezi mzima, kidole kimoja.

"Kwani huyu anakula nini?" aliuliza kaka mdogo.

"Makombo yenu," mzee alijibu, akaendelea kuandika.

Kitinda, kama walivyomwita nyumbani, alikuwa na ombi moja tu: Jumapili. Mshonaji wa ng'ambo ya barabara alikubali kumfundisha kukata suti, mradi aanze kabla mwezi haujaisha. Akawaomba kaka zake wambebe baba siku hiyo.

"Jumapili tunapumzisha misuli, dada'ngu," alisema kaka mkubwa kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. "Msuli haukui ukinyanyua. Unakua ukipumzika."

"Wangu haujapumzika tangu mwaka juzi. Mbona unakua?"

Swali lilimpendeza mzee. Alilitafuna hadi chai ikapoa.

Wiki iliyofuata mgongo ukaishinda tepu. Asubuhi moja jua halikufika kitandani kwa baba, basi Kitinda akatoka nje, akachuchumaa kwenye pembe ya jikoni, akaiinua nyumba begani na kuielekeza kwenye jua. Vikombe viligongana. Mzee akasema magoti yamepata joto, ahsante mwanangu. Jirani aliyekuwa akianika nguo aliomba tu asizibiwe upepo.

Ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Ila nyumba haikukaa hivyo bila kushikiliwa, kwa hiyo Jumapili ya mwisho wa mwezi ilimkuta Kitinda chini yake. Aliona mlango wa mshonaji ukifunguliwa, na kijana mwingine akiingia na mkasi mpya. Siku hiyo ndipo vigimbi vyake vilipoanza kukua.

Ndani, kaka zake walikuwa makochini wakipumzisha vifua.

"Kitendawili!" mzee aliita.

"Tega!"

"Nyumba yangu kubwa, nguzo yake moja."

"Uyoga!" walijibu wote wawili, macho wamefumba.

Mzee alichungulia dirishani, chaki mkononi, akauona utosi wa binti yake.

"Mmepata," alisema.

Kaka mkubwa akaomba nyumba inyooshwe kidogo, kochi linateleza. Ikanyooshwa.